Sadaka Haifuti Deni

Maneno mawili yavuma sana siku hizi katika hotuba za wakubwa, katika mikutano ya wafanyabiashara na katika matangazo ya makampuni. La kwanza ni uendelevu. La pili ni wajibu kwa jamii. Yakitajwa, wengi huitikia kwa kichwa, na wachache tu huuliza maana yake. Mkulima wa Sumbawanga au fundi wa Moshi aweza kudhani kwamba hayo ni mambo ya wataalamu, wala hayamhusu yeye na watoto wake. Sisi twaona sivyo. Maneno ni mapya, lakini mambo yenyewe si mageni hata kidogo kwa Mkatoliki aliyefundishwa Katekisimu yake vizuri, maana yamo ndani ya amri ya saba, ile ikatazayo wizi. Uendelevu ni kutomwibia mtu ambaye hajazaliwa bado. Wajibu kwa jamii ni kutomwibia jirani aliye hai. Wizi huu watofautiana na ule wa kuvunja mlango kwa jambo moja: hapa aliyeibiwa mara nyingi hajui kwamba ameibiwa, na mwizi hulala usingizi mzuri.

Tumechagua kuyaeleza mambo haya kwa mfano wa kisiwa cha Unguja pamoja na Mji Mkongwe wake, na sababu ni hii. Bara ni kubwa. Shamba likichoka, mtu hudhani liko jingine ng'ambo ya kilima. Kisiwani ng'ambo ya kilima ni bahari. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilikuta Zanzibar yote, Unguja na Pemba, ina watu 1,303,569. Hesabu ya mwaka 2022 ikakuta watu 1,889,773. Katika miaka kumi wameongezeka watu 586,204, na visiwa havikuongezeka hata shubiri moja. Wageni nao waliofika katika mwaka 2023 peke yake walizidi laki sita. Wote hao wanywa, wala, wajenga na kutupa taka juu ya ardhi ile ile. Kwa hiyo yale ambayo sisi wa bara tutayaona labda baada ya miaka hamsini, wenzetu wa Unguja wanayaona leo, na atakaye kujua kesho yake aitazame leo yao.

Tuanze na uendelevu. Mwaka 1987 tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Bibi Gro Harlem Brundtland, Waziri Mkuu wa Norwe, ilieleza jambo hili kwa namna inayotumika hata sasa: kwamba watu wa leo wajitafutie mahitaji yao kwa kiasi ambacho hakitawazuia watu wa kesho kujitafutia yao. Maelezo ni mazuri, lakini hayakuwa ya kwanza. Miaka 26 kabla yake, mwezi wa Septemba 1961, Mwalimu Julius Nyerere alitamka rasmi huko Arusha kwamba wanyama wa pori wa Tanganyika ni amana mikononi mwetu, na kwamba serikali yake itajitahidi ili hata wajukuu wa watoto wetu waurithi utajiri huo. Nao wenyeji wa Zanzibar walikuwa na neno lao tangu kale, tena fupi kuliko yote: wakfu.

Pengine baadhi ya wasomaji wetu wa bara hawalifahamu. Mwislamu akiweka wakfu nyumba yake au shamba lake la minazi, mali hiyo tangu siku ile haiuzwi, hairithiwi, wala haitolewi zawadi. Shina limefungwa, kinacholiwa ni tunda tu. Kodi ya nyumba au bei ya nazi huenda kwa msikiti, kwa mafukara, au kwa wale aliowataja mwenyewe, kizazi baada ya kizazi. Zanzibar iko ofisi ya serikali inayosimamia mambo hayo, nayo huitwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Hatuoni haya kujifunza neno jema kwa ndugu zetu Waislamu, hasa kwa kuwa Maandiko Matakatifu tunayoyasoma sisi yafundisha lile lile: katika kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 25, Mungu anawakumbusha Waisraeli kwamba nchi ni yake, wao ni wageni na wapangaji tu, na kwa hiyo hawana ruhusa ya kuiuza moja kwa moja.

Lakini twaomba msomaji aangalie na upande wa pili. Nyumba nyingi za wakfu katika Mji Mkongwe zilichakaa vibaya, nyingine zikaanguka, ingawa hakuna aliyeziuza. Kodi ilikuwa ndogo, ikaliwa yote, pasibaki kitu cha kununulia chokaa. Basi kutouza peke yake hakutoshi. Alaye tunda pasipo kulisha shina, amekula shina lenyewe, ila amelila polepole.

Sasa twende kusini mwa kisiwa, Kizimkazi na vijiji vya jirani, tukaone jinsi watu wasio na shahada wanavyolifanya jambo hili. Wakati wa bamvua, maji yakishakupwa sana, wanawake hushuka mwambani kwa miguu, kila mmoja na kijiti chake chenye ncha, wakawinda pweza katika matundu ya mwamba. Wanaume huwafuata pweza wa maji marefu kwa kuzamia. Zamani pweza wa chakula cha nyumbani alitosha. Kisha wakaja wanunuzi wa mahoteli, na wengine wa kupeleka ng'ambo, bei ikapanda, na wawindaji wakaongezeka. Pweza wakaanza kuwa haba na wadogo. Aliyeletwa nyumbani akawa hata mkononi hajai.

Pweza ana maisha ya ajabu ambayo Muumba ameyapanga kwa hekima. Haishi sana, kiasi cha mwaka mmoja au zaidi kidogo. Hukua upesi mno, hata kwa mwezi mmoja au miwili uzito wake waweza kuongezeka maradufu. Jike hutaga mara moja tu katika maisha yake. Hujifungia ndani ya tundu na mayai yake, huyapulizia maji ili yasipate uchafu, huyalinda usiku na mchana, wala hali kitu. Mayai yakishaanguliwa, mama hufa. Basi anayemtoa pweza jike tundumoni wakati ule, hakumtoa mmoja. Ametoa maelfu ambao wangalifuata.

Mwaka 2004 watu wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, nchi ambayo wazee wa pwani yetu waliiita Bukini, walijaribu kuufunga mwamba wao kwa miezi michache, asivue mtu. Walipoufungua wakakuta pweza wakubwa na wengi. Habari hiyo ikavuka bahari. Vijiji vya Pemba na vya kusini mwa Unguja vikafanya vivyo hivyo: kamati ya wavuvi na wazee wa kijiji hukubaliana, sehemu ya mwamba hufungwa kwa kipindi cha miezi mitatu hivi, vijana hushika zamu ya kulinda, na siku ya kufungua hutangazwa kwa watu wote. Torati nayo ina amri ndogo ambayo wengi huipita wakisoma, katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22: mtu akikuta kiota njiani, ana ruhusa ya kuchukua makinda, lakini mama sharti amwache aende zake. Sheria hiyo imewekewa ahadi ile ile waliyowekewa wanaowaheshimu baba na mama, yaani heri na maisha marefu. Mungu hakuona kwamba jambo la ndege na kiota chake ni dogo mno kwa Sheria yake.

Mtu aweza kuuliza: kama kufunga kuna faida namna hiyo, mbona vijiji vyote havifungi? Jibu ni kwamba kufunga kwahitaji akiba. Tajiri aweza kungoja miezi mitatu pasipo kuhisi. Mjane ambaye unga wa nyumba yake watoka katika pweza wa kila bamvua hawezi, na akivunja sheria usiku ule, sisi tulioshiba tusifanye haraka kumwita mwizi. Tena siku ya kufungua ina taabu yake: wenye mashua na miwani ya kuzamia hufika kutoka mbali, wakachukua walicho nacho wenyeji waliongoja, na yule mama wa kijiti huambulia kidogo. Kwa hiyo uendelevu usio na haki haudumu. Watu wakiona kwamba wanaofunga ni wengine na wanaofungua ni wengine, mwamba utavuliwa usiku, na kamati itabaki jina.

Hapo ndipo neno la pili, wajibu kwa jamii, linapoingia. Nalo tutalieleza kwa habari ya maji.

Unguja haina mto mkubwa. Mvua ya masika na ya vuli hupenya ardhini, ikakaa ndani ya jiwe la matumbawe, ikielea juu ya maji ya bahari yaliyopenya kwa chini, maana maji matamu ni mepesi kuliko maji ya chumvi. Ukiyateka kwa kiasi, mvua huyarudisha. Ukiyavuta kwa pampu kupita vile mvua iwezavyo kuyarudisha, chumvi hupanda kutoka chini, na kisima kilichonywesha mababu huharibika. Kikishaingia chumvi, hakiponi kwa masika moja. Pwani ya mashariki ndiko hatari ilipo kubwa zaidi, maana udongo ni haba na mawe ni mengi. Na ndiko mahoteli yalikojengwa kwa wingi, kwa sababu ya mchanga wake mweupe. Mtaalamu mmoja, Stefan Gössling, alichunguza matumizi ya maji ya pwani hiyo, akaandika mwaka 2001 kwamba mgeni mmoja hutumia kwa wastani lita 685 kwa siku, ukihesabu kuoga, mabwawa ya kuogelea na kumwagilia bustani. Hiyo ni zaidi ya mara kumi ya matumizi ya mwenyeji. Ni kisima kile kile, mwamba ule ule. Mmoja huogelea ndani yake, na wa pili huamka alfajiri na ndoo kichwani.

Historia ya Zanzibar yenyewe yatuonyesha kwamba maji ni jambo la uhai na mauti. Katika miaka ya 1869 na 1870 kipindupindu kiliua maelfu ya watu mjini, waliokuwa wakinywa maji ya visima vilivyo karibu na uchafu wao. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alivuta maji kwa mabomba kutoka chemchemi za kaskazini mwa mji, na watu wa mji wakayapata bure. Hatumsifu kwa kila jambo; soko la watumwa lilifungwa katika utawala wake mwaka 1873, lakini kwa kusukumwa sana na Waingereza. Hata hivyo katika jambo la maji alifahamu kwamba mtawala hawezi kuwa na chemchemi yake peke yake huku watu wake wafa kwa kiu.

Basi na tufikiri. Iko nyumba ya wageni, haidhuru jina lake. Imechimba kisima kirefu karibu na kile cha kijiji. Imezungusha ukuta hata wavuvi hawana tena njia ya kushukia pwani. Vijana wa hapo wamepewa kazi ya ulinzi na kufagia kwa mkataba wa miezi michache, ambao kila mara huvunjwa kabla hawajapata haki za mfanyakazi wa kudumu. Mwisho wa mwaka mwenye nyumba huleta madawati ishirini shuleni, na mpira, na mpiga picha. Katika karatasi za kampuni jambo hilo huandikwa: wajibu kwa jamii. Je, ndivyo?

Tumfuate Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri wa Yeriko, ambaye Mtakatifu Luka atupa habari zake katika sura ya 19. Bwana wetu alipoingia nyumbani mwake, Zakayo alisimama akasema mambo mawili, wala hakuyachanganya. Kwanza aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake: hiyo ni sadaka. Pili aliahidi kwamba kila aliyemdhulumu atamrudishia mara nne: hilo ni deni. Angaliweza kusema, "Nimetoa nusu ya mali kwa maskini, basi mambo ya zamani yamekwisha." Hakusema hivyo. Alifahamu kwamba mjane wa mtaa wa pili, aliyetozwa ushuru kupita haki, halipwi kwa mkate aliopewa kipofu wa njiani. Sadaka huanza baada ya deni kulipwa. Papa Mtakatifu Gregori Mkuu, katika karne ya 6, alikwenda mbali zaidi: aliwafundisha wachungaji kwamba hata tunapompa maskini mahitaji yake ya lazima, twamrudishia kilicho chake, hatumfanyii hisani.

Madawati si mabaya, shule zayahitaji. Lakini wajibu kwa jamii hauanzi katika namna faida inavyogawanywa mwisho wa mwaka. Waanza katika namna faida inavyopatikana, siku kwa siku: maji yavutwa kiasi gani, taka zatupwa wapi, mshahara walipwa lini, njia ya mvuvi ipo au haipo. Baba Mtakatifu Benedikto wa Kumi na Sita alilifafanua jambo hilo mwaka 2009 katika waraka wake Caritas in Veritate, alipofundisha kwamba wenye kuongoza biashara hawana budi kuwaangalia si wenye mtaji peke yao, bali pia wafanyakazi, wanunuzi, wanaowauzia mali ghafi, na watu wa mahali ilipo biashara. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, aliyahesabu maji safi ya kunywa kuwa haki ya msingi ya kila mwanadamu, kwa kuwa pasipo maji hakuna uhai, na pasipo uhai haki nyingine ni maneno matupu.

Tena tusidhani kwamba kulipa deni hilo haiwezekani. Kisiwa kidogo cha Chumbe, karibu na Mji Mkongwe, mwamba wake umehifadhiwa kwa sheria tangu mwaka 1994. Vibanda vya wageni vilivyopo huko hukinga maji ya mvua juu ya mapaa yao, vyoo vyake havitumii maji, na mapato hurudishwa katika kuulinda mwamba na kuwafundisha watoto wa shule wanaopelekwa kuuona. Msitu wa Jozani nao, uliofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2004 pamoja na ghuba ya Chwaka, una kima punju, ambaye asili yake ni Unguja tu. Wageni hulipa ili wamwone; mkulima wa jirani humwona bure, akila majani ya mazao yake. Ndiyo sababu ilikuwa haki, wala haikuwa zawadi, kwamba sehemu ya viingilio iende kwa vijiji na kwa wakulima hao.

Liko deni jingine ambalo mdai wake ni vigumu kumpeleka mdaiwa barazani, maana mdaiwa yuko mbali na ni wengi. Mwaka 1989 kilimo cha mwani kilianza kushika nguvu katika pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, kikaenea. Wengi wa wakulima wake ni wanawake, na kwa wengi wao hiyo ndiyo fedha ya kwanza waliyoishika kwa jina lao wenyewe. Kwa fedha hiyo watoto wakavaa sare na nyumba zikapata mabati. Mwani huo hukaushwa na kupelekwa ng'ambo, ambako hutolewa utomvu wa kuzitia uzito baadhi ya dawa za meno, krimu na vyakula. Lakini ile aina yenye bei nzuri, iitwayo cottonii, haivumilii maji ya moto. Bahari imepata joto, mwani huugua, hugeuka mweupe na kukatika, na katika maeneo mengi ya maji mafupi aina hiyo haistawi tena. Waliobaki hupanda aina ya bei ndogo, ama huenda maji marefu, kina mama ambao wengi wao hawakufundishwa kuogelea. Dokta Flower Msuya, mtaalamu wa mwani wa huko Unguja, amewasaidia kujaribu nyavu za kupandia katika maji marefu, na vikundi vya akina mama sasa hutengeneza sabuni ya mwani ili wasiuze ukiwa mbichi tu kwa bei wanayopangiwa na mnunuzi.

Nani aliyeitia bahari joto? Si mama wa Paje. Ni moshi wa viwanda na magari ya nchi tajiri kwa miaka zaidi ya mia na hamsini, na sasa, kwa sehemu yake, ni moshi wetu sisi wa miji mikubwa. Laudato Si' yaliita jambo hilo kwa jina lake, yaani deni, ambalo mataifa tajiri yanadaiwa na mataifa maskini. Misaada ikiletwa kwa wakulima wa mwani, na ipokewe kwa shukrani. Lakini iandikwe katika daftari lake sawasawa.

Tukirudi mjini, Mji Mkongwe nao una somo, na hapo Kanisa lenyewe limo ndani. Nyumba zake zimejengwa kwa jiwe la matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba. Ukuta wa chokaa hunywa maji ya masika, kisha huyatoa tena wakati wa kiangazi. Ukiupiga plasta ya sementi kwa kutaka kazi ya mara moja na basi, maji hufungiwa ndani, ukuta ukaoza toka moyoni huku nje wapendeza. Chokaa yataka kurudiwa kila baada ya miaka michache. Ni kazi isiyokwisha na isiyo na sifa, wala hakuna mgeni rasmi anayealikwa kuja kuzindua ukarabati wa mfereji wa paa. Mwaka 2000 UNESCO iliuandika mji huo katika urithi wa dunia. Hata hivyo siku ya Noeli ya mwaka 2020, Beit al-Ajaib, jumba ambalo Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake kubwa, na watu wawili wakafa. Hatua chache kutoka hapo lasimama Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ambalo wenyeji waliita Minara Miwili, lililojengwa kati ya 1893 na 1898. Nalo liko katika hewa ile ile ya chumvi na mvua ile ile. Waumini wake ni wachache kati ya Waislamu wengi, na mzigo wa jengo lile si wao peke yao. Ni urithi wa Wakatoliki wote wa Tanzania.

Na sisi je, jamaa za Kikatoliki? Ni rahisi kuwanyoshea kidole wenye mahoteli. Lakini kila parokia yenye kisima ndani ya ukuta wake, na ijiulize jirani asiye Mkristo hukifikia saa ngapi. Kila nyumba yenye msichana wa kazi, na iangalie: je, amelipwa mwezi huu, au amepewa nguo kuukuu pamoja na maneno matamu? Mkatoliki anayetoa zaka kamili huku akimkopa dobi wake miezi miwili, hajafika alipofika Zakayo. Baba anayemwachia mwanawe shamba lililokatwa miti yote, na hati ya shamba ndani ya bahasha nzuri, amemwachia nini? Tungependa wazazi wayazungumze haya na watoto wao, si kwa vitisho, bali wakihesabu pamoja nao: katika nyumba yetu, shina ni nini na tunda ni nini?

Kila mwaka, shule zikifungwa, kwaya na jumuiya nyingi za bara hupanda meli Dar es Salaam kwenda kutembea Unguja. Ni jambo jema, na wenyeji wao hufaidika wakija. Wanaokwenda safari hii twawaomba, kabla ya kulipia vyumba, wamwulize mwenye nyumba maji yake yatoka wapi, na walio karibu na kisima chake huteka nini. Kijana wa mapokezi asipojua, wangoje kidogo hata mwenye nyumba aitwe.